Wale wa Upande wa Mulango

Siku ya kwanza, 13 Aprili
Masomo imerudi nyuma ya Pasaka. Mvula tangu asubui. Mabati inapiga kelele, naangalia midomo ya watoto kuliko kusikia sauti. Kila meza na kitabu chake kimoja, kama siku zote. Wale wa dirisha wanageuzia mwangaza mugongo. Wale wa mulango wanakaa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na wenzao. Kitabu katikati, kimeelekea wale wa dirisha. Tableau hatuna tangu watu waliokimbia vita walale mu kalasi yetu na kuichoma kuni. Siwalaumu. Baridi ya Kingi haiulizi mutu kama ubao ni wa serikali.

Sifa njo alisoma kupita wote. Tena! Iko upande wa mulango. Ni mutoto ya Papa Bahati, yule wa ng'ombe. Mwaka jana ng'ombe zake zilikula maharagi yangu, na tangu pale tunasalimiana kwa meno tu. Lakini mutoto namupenda. Akimaliza kuandika ku ardoise yake, kibao kidogo cha chaki, anasimama, ananinyooshea kwa mikono mbili, maandishi yamegeuka kunitazama mimi. Wale wa mulango wote wamemuiga. Njo vile watu wa maziwa wanafundisha: kikombe unamupatia mugeni sikio la kikombe likiwa upande wake. Wale wa dirisha wananisukumia ardoise hovyo, kama wanalisha mbuzi.

Nimechoka muzuri. Birai, viazi vyetu, na mboga ya lenga-lenga, kiisha kulala.

Siku ya ine, 16 Aprili
VITABU! Vimefika ku pikipiki kutoka Masisi-centre, vimefungwa na sheeting ya plastiki, hata kimoja hakikulowa. Kila mutoto na chake. Kila mutoto! Miaka kumi na moja ya kufundisha, sijaona kitu kama hicho.

Watoto hawakufungua mara moja. Walinusa. Kalasi yote pua mu karatasi. Mimi pia nilinusa, siku hizi sina haya. Tukavifunika na karatasi ya mifuko ya simenti. Niliimba, nikacheza kidogo mbele yao, viatu vikiwa na matope. Directeur alipita akasema, "Mwalimu, kwani leo ni ndoa?" Nikamuambia ni kupita ndoa. Ndoa haina picha za rangi.

Siku ya kwanza, 20 Aprili
Kuna kitu hakiendi.

Leo njo mara ya kwanza kusoma kila mutu mu kitabu chake. Niliwakalisha wote wakinitazama, kama masomo ya mujini. Wale waliokuwa wa dirisha wanakwenda vizuri, hata kuliko zamani. Wale wa mulango: kimya. Wanakodolea macho. Nikamuita Sifa, nikijua yeye atawaamsha. Akasimama. Akaangalia ukurasa. Akainamisha kichwa bega la kuume, kiisha bega la kushoto. Hakuna neno. Hata "baba" hakusoma. Baba!

Nilipiga kelele. Nilisema vitabu vipya vimewapa kiburi. Wakajificha nyuma ya vitabu. Ao walikuwa wanakariri siku zote hizi? Wanasikia wenzao wa dirisha, wanarudilia tu? Na mimi pale mbele, kichwa juu, nasema kalasi yangu inasoma!

Siku ya tatu, 22 Aprili
Directeur aliingia bila kubisha. Akasikia mwenyewe. Hakupiga kelele, heri angepiga. Akasema watoto wangu ni kasuku, na kasuku hawaendi troisième, kalasi ya tatu. Inspecteur atakuja mwisho wa Mei. Mutoto ambaye hatasoma ukurasa mbele yake atatoka kalasi yetu ya pili, atarudi première.

Nilifikiri Sifa mara moja. Iko mukubwa kuliko wenzake wote. Miaka ile walikimbilia Mweso, mu mahema ya wakimbizi, ilimupotezea kalasi. Papa Bahati alisema wazi ku mukutano wa wazazi, mbele ya kila mutu: yeye hatakubali binti mukubwa vile akae na watoto wa kunyonya. Akirudishwa kalasi, atabeba bidon, dumu ya maziwa, na mama yake, basi, hadisi imeisha. Na Papa Bahati si mutu wa kusema mara mbili.

Usingizi hauji. Nawaza mutoto na bidon.

Siku ya posho, 25 Aprili
Papa Bahati alikuja ku shamba langu. Nilikuwa napalilia, mikono matope. Hakukaa. Fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo, vile wanasimama wachungaji. Alisikia habari ya kasuku.

"Mwalimu, ni juu ya maharagi?"

Moto ulinipanda mpaka ku masikio. Nikamuambia maharagi ni maharagi na mutoto ni mutoto. Kama ningetaka kulipiza, ningekula ng'ombe, si mutoto.

Hakucheka. Akasema, "Mama, mimi sikusoma. Lakini macho niko nayo. Sifa anasoma kila jioni Biblia ya bibi yake. Anasoma mpaka tunasinzia. Weye unasema hajui kusoma. Sasa nani anaongopa, mutoto ao mwalimu?"

Nikamuambia mutoto anakariri yale alisikia ku kanisa. Akatema mate pembeni, si kwa matusi, kwa kuchoka. Akaenda zake. Ile swali yake inanikera. Nimeng'oa miche ya maharagi mahali pa majani, mbili tatu, sababu ya hasira.

Siku ya Yenga, 26 Aprili
Niandike hii pole pole, nisiruke kitu.

Nyuma ya ibada nilipanda kwa Papa Bahati. Nakubali: nilipanda kumushika mutu na uongo wake. Nilikuwa nimechagua mu kichwa sura ambayo hakuna muhubiri anasomaga, yale majina ya wana wa nani na wana wa nani.

Walinikaribisha. Maziwa kwanza, hata kama umekuja na ugomvi. Kiisha bibi akatoa Biblia. Muzee mama yule haoni tena maandishi, lakini Biblia ni yake, alikimbia nayo, na hamuachilii mutu hata dakika. Anaiweka mu magoti, anaifungua mwenyewe, anaishika pande mbili. Sifa anakaa chini ku mukeka, mbele ya magoti ya bibi. Nikalomba ile sura yangu ya majina. Bibi akafungua, nikamusaidia kupata ukurasa.

Sifa akasoma. Majina yote, yale magumu, bila kuruka. Kidole chake kilitembea kutoka kuume kwenda kushoto, kutoka chini kupanda juu.

Nilikuwa na kikombe mu mukono. Sikuelewa mara moja. Akili yangu ilifika nyuma ya macho. Nikamuambia Sifa, ebu njoo ukae pembeni ya bibi, hapa, mutazame pamoja. Akaja. Akaangalia ukurasa ule ule. Kimya. Akainamisha kichwa ku bega. Nikamuambia rudi chini. Akarudi ku mukeka, akaendelea pale alipoachia.

Kumbe!

Kumbe mutoto anasoma kichwa chini! Amejifunza hivyo, sababu tangu aanze kusoma kitabu kiko mbele yake kimegeukia wengine. Mweso vile vile, alisema, mu hema: kitabu kimoja, na yeye ng'ambo. Na ile ardoise! Anaandika vile anaona, kichwa chini, kiisha ananiletea na mikono mbili, na mimi naona imenyooka, nasema malezi muzuri, malezi muzuri.

Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine haikuwa ya kucheka. Papa Bahati alinitazama kama mutu anatazama ng'ombe amekula majani mabaya. Nikamueleza. Akafikiri. Akasema, "Basi anasoma."

Nikasema ndiyo, Papa. Anasoma.

Siku ya kwanza, 27 Aprili
Asubui nikawaambia wale wa mulango: geuzeni vitabu. Miguu ya picha juu. Someni.

Mungu wangu, ile kelele! Wote. Wote wanasoma! Wale wa dirisha wakabaki midomo wazi. Directeur akaja mbio akifikiri tunapigana, akakuta nusu ya kalasi imeshika vitabu kichwa chini na mwalimu anapiga makofi. Ilichukua wakati kumueleza. Nilimukalisha ng'ambo ya meza, ku bench ya watoto, magoti yake yakagusa kidevu. Akaona.

Lakini akasema neno ambalo liko kweli, sipendi lakini liko kweli. Hata tukipata tableau, haigeuki. Examen haigeuki. Na inspecteur hatatembea na kichwa chini sababu ya sisi.

Siku ya tatu, 29 Aprili
Nimejaribu kuwalazimisha. Kitabu kimenyooka, soma. Watoto wawili walilia. Mumoja alitapika, sijui kama ni kitabu ao ni viazi vya jana. Hapana. Mutu hageuzwi kama mukate.

Nimefikiri hivi. Kilichowafundisha vibaya ni meza, acha meza iwafundishe vizuri. Nitarudisha kitabu kimoja katikati. Watoto wazunguke pole pole. Siku chache ng'ambo, siku chache ku kona, siku chache pembeni kabisa, kiisha kona ingine, mpaka wafike dirisha. Wa dirisha nao wazunguke, wajue wenzao walikuwa wanaona nini.

Vitabu vipya nimeviweka mu sanduku. Ilinichoma roho. Nilivililia miaka, vimekuja, na mimi mwenyewe nafunga kifuniko.

Siku ya posho, 2 Mei
Wazazi wananung'unika. Mama mumoja ku soko, mbele ya watu: "Mwalimu anaficha vitabu, anangojea bei." Nilimuambia aje anipige kwanza, kiisha tutaongea. Hakuja. Alininunulia ndizi. Nilikula.

Siku ya tano, 8 Mei
Inakwenda! Si mbio, lakini inakwenda. Wako ku kona sasa, ukurasa umelala mushazari mbele yao. Wale ambao walikuwa wanajua kidogo tu wamegeuka bila shida, hata hawaoni kama wamegeuka. Watoto wa dirisha wakifika ng'ambo wanachekana, wanaanguka ku kila neno, na wamenyamaza ile mambo ya kuita wenzao kasuku.

Anayechelewa ni Sifa. Ilinishangaza, kiisha nikaelewa. Wengine walitembea kidogo ku njia ya kupotea, wanarudi upesi. Yeye alikuwa amekimbia mbali kabisa. Anajua mingi, na yote ile iko kichwa chini. Leo alinishika nguo, akauliza kama atabeba bidon. Nikamujibu hapana kabla sijafikiri. Sasa nimeahidi. Kinywa changu hiki!

Siku ya pili, 12 Mei
Mvula ya mawe. Hakuna masomo. Nimeshona sketi. Maharagi imeponea. Niko na furaha bila sababu.

Siku ya pili, 19 Mei
Inspecteur anakuja keshokutwa! Si mwisho wa mwezi. Barabara ya upande ingine imefungwa, anaanzia kwetu. Directeur alileta habari na uso wa matanga.

Wale wa mulango karibu wote wamefika. Sifa bado. Iko pembeni, kitabu kimelala ubavu, pale anasoma kwa kuvutavuta. Kikinyooka kabisa, anapotea. Siku mbili! Niliwaza kumuambia ajifanye mugonjwa. Kiisha nikaona haya. Nikamuambia tu alale mapema.

Siku ya ine, 21 Mei
Imeisha. Acha niandike.

Inspecteur ni mutu wa Buleusa, kule Walikale, mufupi, na buti za matope mpaka magoti. Alikataa kiti kizuri. Alikaa ku bench, upande wa mulango, akaita mutoto kwa mutoto akae mbele yake, dirishani. Alitutaka mimi na directeur tunyamaze. Akifungua mulango wa kinywa mutu mukubwa, alisema, mutoto anafunga wake.

Walisoma. Wale wangu wa mulango walisoma! Mumoja nyuma ya mwingine. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Kiisha Sifa.

Inspecteur akafungua kitabu kipya, somo la mwisho, lile hatujafika. Akamuwekea mbele, kimenyooka. "Soma, binti."

Nilisikia kuku inje. Akainamisha kichwa. Bega la kuume. Bega la kushoto. Directeur aliangalia viatu vyake. Mimi niliomba Mungu kwa maneno ambayo hayako mu kitabu cha sala. Inspecteur alianza kuandika kitu.

Sifa akashika kitabu na mikono mbili. Pole pole akakigeuza, akamuelekezea inspecteur. Akakisukuma mbele yake kwa heshima. Inspecteur akafikiri anamurudishia, ameshindwa. Nikaona uso wake, alisikitika kweli, si mutu mubaya. Akanyoosha mukono akipokee.

Mutoto hakukiachilia. Akaanza kusoma.

Alisoma somo lote. Lile la mto na daraja. Alisoma na vituo, na ile sauti ya kupanda pale kuna alama ya kuuliza. Inspecteur mukono wake ulibaki hewani. Macho yake yalishuka ku ukurasa, akafuata mustari kwa mustari, na kwake mistari ilikuwa imenyooka, hakuna kosa la kumushika. Sifa alipomaliza, inspecteur akafungua ukurasa mwingine. Sifa akasoma. Inspecteur akatoa mu mufuko karatasi ya kwake mwenyewe, barua ya kazi, akaiweka vile vile, imeelekea kwake. Sifa akasoma mpaka ku stempu.

Njo inspecteur akanigeukia mimi. "Mwalimu, hii ni kitu gani?"

Nikamueleza yote: meza, dirisha, mulango, vitabu mu sanduku. Nilisema upesi upesi kama mushitakiwa. Inspecteur akageuza kitabu kichwa chini mbele yake, akajaribu mwenyewe. Neno la kwanza lilipita. Mustari wa pili ulimuangusha. Akacheka, yeye mutu mukubwa, mpaka bench ikalia. Watoto wakacheka. Mimi nikalia. Kila mutu na kazi yake.

Alimuambia directeur hivi, nimeyaandika mara moja mu kiganja na Bic nisisahau: "Huyu anasoma. Ataenda troisième. Kumugeuza ni kazi yenu, si kosa lake." Akasema pia première waanze kuzunguka meza kesho asubui, bila kungoja barua. Directeur akasema ndiyo, ndiyo, kama wazo lilikuwa lake. Nimemuachia.

Siku ya tano, 22 Mei
Nilifungua sanduku. Nikagawanya vitabu. Safari hii sikucheza. Nilikaa nikawatazama.

Siku ya Yenga, 31 Mei
Papa Bahati amejenga uzio wa miti kati ya malisho yake na shamba langu. Hakuniambia. Nilikuta tu miti imesimama, imefungwa vizuri. Nikamupelekea kikapu cha maharagi. Akasema, "Ng'ombe zilisema ni tamu." Sasa njo nilicheka, na yeye akacheka, meno na macho pia.

Siku ya ine, 2 Julai
Matokeo yamesomwa mu uwanja. Sifa: troisième. Mama yake alipiga vigelegele mpaka mbwa wakaitika. Wale wa mulango wote wamepanda. Wa dirisha mumoja amerudi kalasi, mutoto mupole, hapendi kusoma kwa upande wowote. Tutaonana naye.

Kupumzika sasa. Magoti inauma. Moyo iko sawa.

Siku ya tatu, 9 Septemba
Kalasi mpya. Sura mpya, kamasi mpya. Meza tumezipanga, watoto wanasogea bila kuuliza sababu, wanafikiri njo vile dunia yote inasoma. Tableau tumepata, ndogo, imepakwa na makaa ya betri za zamani. Leo nilikuwa naandika herufi ya M.

Kati yetu na troisième kuna ukuta wa mbao tu. Nikasikia mutoto anasoma kule, peke yake, sauti imetulia, hakwami mahali. Ni Sifa. Nilisimama na chaki mu mukono mpaka wangu wakaanza kuchekelea. Sijui alishika kitabu namna gani. Ukuta iko na tundu, lakini sikwenda kuchungulia.

Nikamaliza M.